Kabla ya Kuuliza Unatibu Nini, Uliza Ni Mti Gani

Mtu anayetaka kujifunza dawa za mitishamba kwa kawaida huanza na ugonjwa. Huandika kwenye simu yake "dawa ya asili ya kisukari" au "dawa ya vidonda vya tumbo", na mara moja huletewa majani, magome, mizizi, asali na vitunguu saumu kwa wingi, pamoja na namba ya simu ya muuzaji. Mimi hufundisha baiolojia katika shule ya sekondari mkoani Tanga, na kwa kuwa wanafunzi, wazazi wao na hata walimu wenzangu huniuliza mara kwa mara wasome wapi kuhusu mimea tiba, nimezoea kuwarudisha nyuma hatua moja na kuwaomba waanze na mti wenyewe. Maandishi yasiyokuambia kwa uhakika yanazungumzia mmea gani hayawezi kukufaa kwa lolote jingine, hata kama mengine yote yaliyomo ni ya kweli.

Tuchukue mwarobaini, kwa kuwa ni vigumu kupita mtaa wowote wa pwani bila kuuona. Ni mti wenye asili ya Bara Hindi, na jina lake la kisayansi ni Azadirachta indica. Upo mti mwingine wa familia hiyo hiyo, Melia azedarach, unaopandwa kwa ajili ya kivuli na maua yake mazuri, ambao baadhi ya watu huuita mwarobaini nusu, na wengine hawajisumbui hata kuongeza hilo "nusu". Matunda ya huu wa pili yana sumu, na yamekwisha kudhuru watu na mifugo katika nchi mbalimbali. Anayesoma mtandaoni kwamba "mwarobaini hutibu kadha wa kadha", kisha akaenda kuchuma kwenye mti alioonyeshwa na jirani, hana njia ya kujua amechuma nini, isipokuwa awe amejifunza kutazama. Na kutazama si kazi ngumu. Jani la mwarobaini limegawanyika mara moja tu, vijani vyake vimepangana pande mbili za kikonyo kimoja, vimepinda kidogo na vina meno kwenye kingo. Jani la Melia limegawanyika mara mbili au zaidi, yaani vikonyo vidogo vinatoka kwenye kikonyo kikubwa. Maua ya mwarobaini ni meupe, ya Melia yana rangi ya zambarau iliyofifia. Tunda la mwarobaini ni refu kiasi, huiva, hulainika na kudondoka, ilhali matunda ya Melia ni ya duara na huendelea kuning'inia matawini hata majani yakiwa yamepukutika. Nikiwapeleka wanafunzi wa kidato cha tatu nje na matawi mawili mikononi, dakika kumi hutosha, na baada ya hapo hakuna anayeichanganya tena.

Mkanganyiko wa majina si tatizo letu peke yetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mjini Brussels, wanawake waliokuwa wakihudhuria kliniki ya kupunguza unene walianza kupata ugonjwa wa figo, na wengi wao figo zikafa kabisa. Walikuwa wakimeza vidonge vilivyotakiwa kuwa na mmea wa Kichina uitwao Stephania tetrandra, kumbe ndani yake uliwekwa Aristolochia fangchi, ambao jina lake la Kichina linakaribiana sana na la ule wa kwanza. Waathirika waliofahamika walipita 100, na baadhi yao baadaye walipata saratani ya njia ya mkojo. Vidonge hivyo vilitoka kwenye kliniki yenye madaktari, katika mji wenye maabara za kila namna, na bado kosa lilipita kwa sababu ya jina.

Ndiyo maana kigezo changu cha kwanza kwa kitabu, makala au ukurasa wowote ni kama umetaja jina la kisayansi, na kama umelitaja sawasawa. Hapa pana mtego mdogo: majina hayo nayo hubadilika. Mtukutu, ambao vitabu vingi huuita Vernonia amygdalina, siku hizi wanabotania huuita Gymnanthemum amygdalinum. Mti ambao Wasonjo huuita mugariga, Wamaasai olamuriaki na Wakikuyu mukawa, umeandikwa katika vitabu vya zamani kama Carissa edulis, na leo unahesabiwa kuwa Carissa spinarum. Asiyejua hili hudhani anasoma habari za mimea miwili. Bustani ya Kew ya Uingereza ina hifadhidata ya mimea ya dunia nzima ambayo mtu yeyote huweza kuifungua bila malipo. Ukiandika jina la zamani, inakuonyesha jina linalokubalika sasa na nchi ambako mmea huo unaota kiasili. Mimi huanzia hapo kabla ya kusoma chochote kingine, na nimekuta mara nyingi kwamba mmea unaonadiwa kuwa "dawa ya mababu zetu" asili yake ni Amerika ya Kusini.

Kwa vitabu, aliye Afrika Mashariki ana bahati kuliko anavyodhani. Kitabu cha Profesa John Kokwaro wa Chuo Kikuu cha Nairobi kuhusu mimea tiba ya Afrika Mashariki kilitoka mwaka 1976, na toleo lake la tatu lilichapishwa mwaka 2009. Kinaeleza mmea, kinataja majina yake katika lugha za wenyeji, kinasema ni sehemu gani hutumika na kwa maradhi gani. Jambo ninalolipenda ni kwamba hakijifanyi kuwa kingine: kinaandika yale ambayo watu wamesema wanayafanya, bila kudai kwamba yote hayo huponya. Msomaji asiyeitambua tofauti hiyo hukigeuza kuwa kitabu cha maagizo ya dawa, na hilo si kosa la mwandishi.

Kwa upande wa Tanzania, kuna kitabu cha miti na vichaka vinavyofaa cha Mbuya, Msanga, Ruffo, Birnie na Tengnäs cha mwaka 1994. Hakikuandikwa kwa ajili ya dawa pekee, kwani kinataja pia kuni, mbao, lishe na kivuli, lakini michoro yake na majina ya Kisambaa, Kizigua, Kigogo, Kichaga na mengineyo hukisaidia kutimiza kazi ambayo vitabu vya dawa hushindwa, yaani kukuwezesha kuutambua mti ukiwa umesimama mbele yake. Kwa anayetaka kuingia ndani zaidi, kuna mkusanyiko mkubwa wa maelezo ya mimea ya Tanzania, Kenya na Uganda ulioanza kuchapishwa mwaka 1952 na kukamilika mwaka 2012, wenye spishi zaidi ya 12,000. Huo ni wa wataalamu na lugha yake ni kavu, ila ndiyo hakimu wa mwisho pale watu wawili wanapobishana kuhusu mmea. Mradi uitwao PROTA nao umeandaa maelezo marefu ya mimea tiba ya Afrika ya kitropiki. Yanapatikana bure mtandaoni, na kila mmea umeelezwa matumizi yake, kemikali zake, sumu zake na utafiti uliokwisha kufanyika. Shirika la Afya Duniani nalo lilitoa majuzuu manne ya maelezo ya mimea tiba iliyochaguliwa, kati ya mwaka 1999 na 2009. Mimea yetu humo ni michache, ila kitunguu saumu, tangawizi, shubiri na sanamaki imo, na ukisoma sura moja tu utajua maelezo kamili ya dawa ya mmea yanatakiwa yaweje.

Kuhusu makala za utafiti, zipo nyingi na zinazoanzia zamani. Mwaka 1982 jarida la kimataifa la mimea tiba lilianza kuchapisha orodha ya mimea inayotumika katika tiba za asili Tanzania, iliyoandaliwa na wataalamu wa Sweden pamoja na wa hapa nyumbani, na miaka michache baadaye ikafuata mfululizo wa Chhabra, Mahunnah na Mshiu kuhusu mikoa ya mashariki. Kazi hizo zilihusiana na kitengo cha utafiti wa dawa za asili kilichoanzishwa Muhimbili mwaka 1974, ambacho sasa ni Taasisi ya Tiba Asili. Kenya wana kituo cha tiba asili na utafiti wa dawa ndani ya KEMRI, taasisi yao ya utafiti wa tiba. Manung'uniko yangu ni kwamba karibu yote haya yameandikwa kwa Kiingereza, wakati walioulizwa maswali, wakatoa majibu na kuonyesha mizizi, walijibu kwa Kiswahili, Kizigua au Kiluguru.

Hao waliojibu ndio chanzo ambacho hakuna kitabu kinachokimaliza, na namna ya kujifunza kwao inahitaji adabu yake. Huku milimani Usambara kuna mzee mmoja, mganga wa mitishamba, ambaye nilipomwendea mara ya kwanza na daftari langu alipokea shikamoo yangu, akanikaribisha kigoda, kisha akakataa kunieleza mti hata mmoja tukiwa pale nyumbani. "Twende porini, mwanangu," alisema, "hapa nitakudanganya bila kukusudia." Tulipofika kwenye mti, alikwangua gome kidogo kwa kisu, akanipa ninuse, akasubiri dakika moja rangi ya lile kovu igeuke kutoka nyeupe kuwa ya kahawia, kisha akanionyesha mti mwingine unaofanana nao ambao kovu lake halibadiliki. Alama hiyo sijaiona imeandikwa popote.

Ukipata mwalimu wa namna hiyo, omba ruhusa ya kuandika, uliza kama angependa jina lake litajwe, na usidhani kwamba kila analojua ni lako. Kisha chukua sampuli. Kata kitawi chenye majani na, ikiwezekana, maua na matunda, kwa sababu majani peke yake humpa shida hata mtaalamu. Kilaze kati ya kurasa za gazeti, hakikisha jani moja limegeuzwa ili upande wa chini uonekane, weka boksi juu na chini, kaza kwa mkanda, na ubadilishe magazeti kila siku hadi kikauke. Kwenye karatasi andika mahali, tarehe, kimo cha mti, rangi ya ua (kwa sababu rangi hupotea likikauka), harufu, utomvu kama upo, jina la mmea kwa lugha ya pale, na jina la aliyelitaja kama ameridhia. Sampuli ya namna hiyo inaweza kupelekwa herbariamu, yaani mahali panapohifadhiwa mimea iliyokaushwa kwa ajili ya kulinganishwa: ipo ya taifa Arusha, ipo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na ipo ile ya Afrika Mashariki kwenye Makumbusho ya Taifa ya Kenya jijini Nairobi, ambayo kwa kweli ilianzia kwetu hapa Amani mwaka 1902 kabla ya kuhamishwa. Programu za simu zinazotambua mimea kwa picha nazo husaidia kukupa pa kuanzia, lakini nazichukulia kama mtu anayekisia kwa sauti.

Mfano mzuri wa maarifa ya wazee na utafiti kuandikwa pamoja ni ule wa milima ya Mahale, Kigoma. Mwezi Novemba 1987 mtafiti Michael Huffman na Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe aliyefanya kazi hifadhini na ambaye alikuwa mjuzi wa mitishamba, walimwona sokwe jike aliyekuwa mgonjwa akivunja matawi machanga ya mtukutu, akimenya gome na majani, na kufyonza maji machungu ya kiini chake. Kesho yake alikuwa amepata nafuu. Kalunde ndiye aliyefahamu kwamba Watongwe huuita mti huo mjonso na huutumia kwa maradhi ya tumbo. Makala iliyochapishwa mwaka 1989 ina majina ya wote wawili. Ninapokuta makala inayowashukuru "wazee wa kijiji" bila kuwataja, wala kueleza waliulizwa vipi, huishusha daraja moja akilini mwangu.

Sasa tuje kwenye jambo linalowapoteza wasomaji wengi waliokwisha kupata vyanzo vizuri. Neno "utafiti umethibitisha" hubeba vitu vitatu tofauti kabisa. Kuna utafiti wa kuhoji watu wanatumia nini. Kuna utafiti wa maabara, ambapo dondoo la jani, yaani kilichokamuliwa au kutolewa ndani yake, huwekwa kwenye kisahani chenye vijidudu, au hupewa panya. Na kuna utafiti wa wagonjwa, ambapo kundi moja hupewa dawa, jingine hupewa kitu cha kulinganisha, kisha matokeo huhesabiwa. Mimea yetu mingi imefika hatua ya kwanza, mingi kidogo imefika ya pili, na michache sana imefika ya tatu. Siki na maji ya moto pia huua vijidudu kwenye kisahani. Kwa hiyo ukisoma muhtasari wa makala, tafuta kwanza ni nani aliyepewa dawa: ni mtu, ni panya, au ni kisahani.

Pakanga ya Kichina, Artemisia annua, inafundisha jambo jingine tena. Mwanasayansi wa China, Tu Youyou, alipokuwa akitafuta dawa ya malaria, dondoo lake la mwanzo lilikuwa dhaifu, mpaka aliporudi kwenye maandishi ya Ge Hong, tabibu wa Kichina wa karne ya 4, yaliyoagiza mmea ulowekwe majini, ukamuliwe na maji yake yanywewe. Hakuna palipotajwa kuchemsha. Akahisi kwamba joto ndilo lililokuwa likiharibu dawa, akabadilisha njia, na mwaka 1972 ikapatikana artemisinini, dawa yenyewe ya malaria iliyomo ndani ya mmea huo. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel. Chanzo kinachosema "tumia pakanga" bila kusema sehemu gani, kiasi gani na imeandaliwa vipi kimeacha nje kitu kile kile kilichomsumbua yeye. Hata hivyo Shirika la Afya Duniani halipendekezi chai ya pakanga kwa malaria, kwa kuwa kiasi cha dawa kwenye majani hutofautiana, mara nyingi hakitoshi, na kinaweza kuvifundisha vimelea kuwa sugu. Wapo wanaolipinga shirika hilo kwa ukali, na ninapendekeza msomaji asome hoja za pande zote mbili, akiangalia zaidi idadi ya wagonjwa na namna walivyofuatiliwa kuliko ukali wa maneno.

Ushuhuda wa watu wengi nao si utafiti. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu walikwenda Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila, kunywa kikombe cha mugariga kwa shilingi 500; foleni ya magari ilifika kilomita nyingi, na wapo waliofariki wakiwa njiani au wakisubiri. Mmea ule haukuwa mgeni kwa mtu aliyesoma, kwani mizizi yake imeandikwa vitabuni kwa matumizi ya kawaida ya kienyeji muda mrefu kabla ya hapo. Kilichokuwa kipya ni dai kwamba kikombe kimoja kinaponya UKIMWI, kisukari na mengineyo. Aliyekuwa na kitabu kimoja tu kizuri nyumbani angeweza kuona pengo kati ya mambo hayo mawili.

Kuhusu wauzaji sitasema mengi. Anayekuuzia na kukufundisha kwa wakati mmoja ana sababu ya kutokukuambia yote. Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala Na. 23 ya mwaka 2002, na Baraza lililoundwa kwayo husajili waganga, vituo na dawa. Kumuuliza muuzaji namba yake ya usajili ni haki yako. Ila usajili haumaanishi kwamba dawa imepimwa kwa wagonjwa na kuonekana inaponya kila kilichoandikwa kwenye chupa.

Kigezo ninachokiamini kuliko vyote ni namna chanzo kinavyozungumzia madhara. Mlonge una majani yanayoliwa kama mboga, lakini gome la mzizi wake lina kemikali zenye madhara, na maandishi mengi ya kuusifia mlonge hayaligusi hilo. Mafuta ya mbegu za mwarobaini, ambayo watu huyaona kuwa kitu cha kawaida cha kupaka, yaliwahi kunyweshwa watoto wadogo huko Malaysia mwanzoni mwa miaka ya 1980. Walitapika, wakapata degedege, maini yakaharibika, na baadhi yao wakafa. Yule mzee wa Usambara huwa namuuliza "Nani hapewi?" kabla sijauliza "Inatibu nini?", na hujibu bila kusita: huu mwenye mimba asiuguse, huu mtoto asiyeota meno asipewe, huu usinywe siku mbili mfululizo. Ukurasa unaosema dawa haina madhara kwa sababu ni ya asili mimi huufunga hapo hapo.

Na kwa anayetumia tayari dawa za hospitali, jambo la vitendo ni hili. Virutubisho vya kitunguu saumu vimepimwa kwa watu na kuonekana vinashusha kiwango cha dawa moja ya kufubaza virusi mwilini, na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda ana orodha ndefu ya mimea ya kuchunga. Mgonjwa akimwambia daktari "nakunywa mitishamba", daktari hana pa kuanzia zaidi ya kumkataza. Akimpelekea kikaratasi chenye jina la kisayansi la mmea, sehemu iliyotumika, ilivyoandaliwa, kiasi na siku alizoanza, daktari au mfamasia anaweza kukitafuta palepale kwenye kompyuta yake.